Chaza Katika Chupa ya Betri

Kwa siku nne mfululizo nilimsalimia maiti kabla ya kunywa chai. "Umeamkaje, bwana mkubwa?" nilimwuliza, na kwa kuwa alikuwa ameachama, nilimwambia mke wangu kwamba chaza yule amenizoea, ndiyo maana ananichekea. Niliita hata wageni wawili waje wamwone. Na mimi nilikuwa mtu wa cheti cha sekondari, tena nimekitia fremu na kukitundika ukutani.

Wakati huo, miaka ya hamsini, nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Voi. Jumamosi wenzangu walikwenda mpirani, au walikwenda kunywa na kurudi wakiimba. Mimi nilikuwa mtu wa kiti kimoja na dirisha moja, nikitamani tu kitu cha kutazama. Shuleni tulifundishwa kwamba chaza wa ziwani huvuta maji machafu, akayachuja, akayatoa yakiwa safi. Somo hilo sikulisahau, ingawa mengine mengi yalinitoka bila kuaga. Basi ofisi ya simu ilipotupa betri zake kuukuu, niliomba chupa moja, ile ya mraba ya kioo kizito, nikaisugua kwa jivu na magadi wiki nzima. Kisha nikamwomba gadi wa gari la moshi la Taveta aniletee chaza kutoka Ziwa Jipe. Alileta watano ndani ya mkebe wenye tope, akanikabidhi mbele ya abiria wote.

"Karani, mboga yako hii!"

Tope lile nililimwaga njiani, kwa kinyaa. Wageni wangu niliwaosha mmoja mmoja kwa mswaki wa zamani, nikawalaza juu ya mchanga uliochekechwa. Ikabaki shida ya maji. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na mfereji wetu wa nje, ambako mke wangu aliteka na kubeba kwa debe, ulitoa maji mekundu kama chai. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha shabu, kama jiwe la chumvi: unakizungusha ndani ya mtungi, unaacha, tope linashuka chini na maji ya juu yanang'aa. Maji hayo ndiyo ya kunywa, na ndiyo ya heshima kumpa mgeni. Nikawaza: viumbe wanaopenda usafi kiasi hiki, nani atawapa maji ya tope? Nikawa nachota mtungini kila asubuhi, nawabadilishia. Chupa iling'aa hata ukadhani haina maji. Nilikaa mbele yake nikajiona bwana shauri wa wilaya.

Mke wangu alizaliwa Sagalla, mlimani, ambako maji hupandishwa kwa mgongo. Alivumilia siku sita.

"Baba, maji ya mtungi yamekwenda wapi?"

"Kuna wageni."

"Wageni gani? Konokono?"

"Si konokono, ni chaza."

"Haya, chaza. Sikiliza. Siku yule wa mwisho atakapokufa, hiyo chupa ni yangu, natia achari. Na maembe yameanza kuanguka, nakwambia mapema."

Nilicheka, lakini moyoni niliingiwa na hofu. Katika nyumba ile vyombo vyote vilikuwa vyake. Vyangu vilikuwa cheti na ile chupa, na cheti hakikuwa na mengi ya kutazama.

Jirani yetu, mke wa fundi wa injini, alikuwa Mtaveta aliyekulia kando ya Jipe. Ile siku ya nne ya maiti wangu kucheka alikuja kuazima kinu. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Shemeji, nani amefia humu?"

Nikamwonyesha chaza wangu. Hakuomba ruhusa. Alikunja mkono wa gauni, akazamisha mkono ndani ya chupa, akamtoa anayecheka, akambonyeza. Chaza akaendelea kuachama.

"Mzima ukimgusa anafunga. Huyu amekufa kitambo." Akawagusa wanne waliobaki. Mmoja hakufunga. Watatu walifunga polepole, kama mlango wa mtu asiyetaka ugeni. "Hawa wana njaa. Unawapa nini?"

"Maji safi."

"Maji safi ndiyo chakula? Wewe ukipewa sahani safi unashiba?"

Kumbe kile wanachochuja ndicho wanachokula, na mimi nilikuwa nakichuja kabla yao. Mke wangu alikwenda nje akaanza kukata maembe.

Basi mtu wa kiti kimoja akainuka. Chini ya tangi la kunyweshea injini palikuwa na dimbwi la kijani, linanuka, vyura tele. Nilikwenda na debe mchana kweupe, katika kaptura yangu nyeupe ya kazini, makuli wakiniuliza kama mfereji wa makarani umekatwa. Nikalijaza lile debe, nikalibeba mpaka nyumbani, nikamwaga maji yale ndani ya chupa na tope lake.

Wiki nzima sikuona kitu. Niliweka uso kwenye kioo, nikaona kijani kitupu na pua yangu mwenyewe. Maembe yalikuwa juu ya bati, na chumvi yake, yakikauka na kuningojea. Kila jioni nilitia mkono, nikapapasa kwa woga, nikawahesabu. Watatu. Na kila jioni walifunga upesi zaidi, mpaka siku moja mmoja akanibana kidole hadi nikapiga ukelele.

Nilimwita jirani aje ashuhudie, nikamwita na mke wangu, ili neno la achari liishe mbele ya shahidi. Jirani akapapasa, akatikisa kichwa kukubali kwamba wamepona. Akainama akatazama kioo upande huu na upande ule, akafuta mkono kwenye kanga.

"Shemeji, hawa wanataka matope na wewe unataka kutazama. Mpe gadi awarudishe Jipe, mama atie achari yake, na ukitaka kitu cha kutazama, mtazame huyu anayekubebea maji."