Mashine Inayoandika Juu ya Watu

Kompyuta yangu niliipata kwa muuza mitumba wa Kasulu, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Ujiji. Yeye alidhani ni kibodi tu. Nilipoinyanyua nikaona nzito mno kwa kibodi, na nyuma ina matundu, moja la kuingizia picha na jingine la kutolea. Nikajua nilichoshika, lakini uso nikaukaza ili mzee asishtuke.

"Chukua," akasema. "Ikilipuka usije na polisi."

Haikulipuka. Ni ya zamani kuliko mimi, kompyuta yote imo ndani ya hicho kibodi, na walioitengeneza waliiwekea kazi moja iliyonifanya nisilale kwa furaha. Unaunganisha deki ya video, mkanda unacheza, picha inapita kwanza kwenye kompyuta ndipo ifike kwenye televisheni ya chogo. Ikipita humo, unaiandikia unachotaka. Najua simu inafanya hayo yote na zaidi. Ila simu haimezi mkanda, na huku kwetu Kasulu na Kibondo watu bado wana mikanda ya harusi za zamani chini ya vitanda. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini kichwani nilishafungua studio, nikaiwekea na kibao mlangoni.

Watu hawakuiamini. Mama yangu hakukubali kupita mbele yake ikiwa imewashwa. Jirani alitangaza bombani kwamba nikitaka naweza kumtia mtu kwenye harusi ambayo hakualikwa. Mwanamume mmoja wa mtaani alikuja kimyakimya kuomba nimtoe mke wake wa kwanza kwenye mkanda. Nikamwambia mashine inaandika tu, haitoi mtu.

"Sawa," akasema, "kumbe yule mwanamke ameshakuja kwako."

Ndipo akafika mzee kutoka Murungu, upande wa Kibondo, mkanda kaufunga kwenye kitenge. Familia yao ilikuja kutoka Burundi kama wakimbizi, sasa ni raia, wanalima kahawa na mihogo. Nilipouweka mkanda kwenye deki, aliuweka mkono juu ya deki muda wote, kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi mnadani.

"Nimeambiwa unaandika juu ya watu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Kwenye mkanda palikuwa na harusi. Akatokea mwanamume mwembamba mwenye shati jeupe lililomzidi. "Huyo ni mdogo wangu. Hapo andika jina lake, na mbele ya jina andika marehemu. Tuna kuganduka."

Kuganduka ni kuvua msiba. Ukoo unakusanyika, pombe ya ndizi inanywewa, vitu vya aliyekufa vinagawanywa, na mjane anakuwa huru kuolewa tena. Nikauliza niandike alifariki mwaka gani.

"Mwaka acha. Andika marehemu tu."

"Na alizikwa wapi, mzee?"

"Wewe ni fundi au mpelelezi?"

Mkanda hakutaka kuniachia. Alitaka mashine iende Murungu, niandike mbele ya watu wote, waone. Alipoondoka nikabaki na wasiwasi. Mtu anayeficha mwaka na kaburi anaficha na kitu kingine, nikajisemea.

Siku ya shughuli niliifunga kompyuta kwa blanketi kama mtoto mchanga, nikaipakata hadi Murungu. Umeme ulikuwepo. Nikaunganisha waya sebuleni, mzee akautia mkanda mwenyewe kwenye deki, nikaandika kabisa lile neno na jina la mtu, likabaki ndani ya mashine likisubiri kitufe. Nikatoka nje kunyoosha miguu. Kule chini kwenye kahawa nikamwona mzee yuleyule na mtu mwenye kamba, wanatembea mstari kwa mstari. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo, shamba linapimwa kabla hata watu hawajaketi.

Mwanamke aliyekuwa akimenya ndizi uani akaniita. Nilimjua kuwa ndiye mke wa yule wa kwenye mkanda kabla hajajitambulisha, maana wengine wote walikuwa wakicheka naye hakuwa anacheka.

"Ni wewe mwenye mashine?"

"Ni mimi, mama."

"Ukishamwandika, neno linatoka?"

Nikamwingiza ndani, nikachezesha kipande cha mwanzo ambacho mumewe hayumo. Nikaandika neno "harusi", nikabonyeza likatokea, nikabonyeza likapotea. Nikamweleza kuwa mkanda wenyewe hauguswi.

"Ndivyo mnavyosema," akajibu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini. Mumewe alikwenda ng'ambo, Burundi, wakati watu wengi walipokuwa wakirudi, kuangalia ardhi ya baba yao. Hakuna aliyerudi na habari zake. "Hata shati hawakuniletea. Sasa watu watakaa hapo, watalisoma neno lako. Nikinyamaza, nimekubali kuwa mjane. Nikisema, mimi mwanamke mkaidi. Unaona walivyonipanga?"

Nilitaka kumwambia niko upande wake. Nikasema tu, "Ego, mama," yaani ndiyo kwa lugha yetu, akarudi kwenye ndizi zake. Hata mimi hakuniamini, na sikumlaumu, kwa sababu neno nilikuwa nimeshaliandika.

Mchana watu wakajaa sebuleni, madirisha yakazibwa kwa shuka ili picha ionekane. Mtu wa kamba alikaa karibu nami. Nikamuuliza, kwa ujanja wangu, kama vipimo vimekaa vizuri.

"Vipimo gani? Ndama wangu amekata kamba tangu asubuhi."

Nikaona aibu, lakini wasiwasi haukuisha.

Mkanda ukaanza. Bibi harusi, kwaya, mabakuli. Halafu yule mwanamume akatokea mlangoni na kreti la soda kichwani, mikono ameiachia, anacheza. Anacheza hadi katikati ya watu, anazunguka, chupa hata moja haianguki. Sebule ikacheka. Watoto wake, watu wazima sasa, walisogea mbele, maana walikuwa wadogo alipoondoka.

"Fundi," akasema mzee. "Sasa."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Yule mama wa ndizi akasema, bila kupaza sauti, "Mwache afike mlangoni."

Nikamwacha. Akafika mlangoni, akainama ili kreti lisigonge, akapotea.

"Rudisha," akasema mzee.

Nikarudisha. Akacheza tena, na nilipotazama kuona kama nimepewa ishara, mzee hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ametoa kofia.

"Rudisha tena, fundi."

Sasa nikaelewa kwamba haombi neno. Shangazi mmoja mzee akanong'ona kwamba pombe inasubiri.

"Mimi ndiye niliyemwambia aende," mzee akasema, macho kwenye kioo. "Nilisema yeye ana miguu mizuri. Kila anayekuja na baiskeli kutoka kule ng'ambo namkagua kama ni yeye. Kila mtu. Nimechoka kukagua watu, shemeji. Nilitaka tuseme amekufa ili nipumzike."

Mkanda uliendelea kuunguruma. Nilikuwa nimemtengenezea mzee huyu kesi nzima kichwani, pamoja na hukumu.

"Basi wewe pumzika," mama akasema. "Baiskeli nitakagua mimi."

Mzee alikohoa, akavaa kofia. "Na fundi aandike nini? Wageni wameitwa."

Mama alifikiri kidogo. "Aandike jina lake. Chini yake aandike, hajarudi."

Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu. Nikafuta, nikaandika upya. Yule mtu alipotoka na kreti lake, nikabonyeza. Herufi nyeupe zikakaa chini ya miguu yake, akawa anacheza juu ya jina lake. Mzee alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa ajili ya wasioona vizuri. Pombe ikagawanywa, ila hakuna kilichogawanywa zaidi ya pombe, na kuganduka hakukutajwa tena.

Wakaomba nirekodi hivyo kwenye mkanda mwingine, nikarekodi kwa deki ya pili. Watu walipotoka kwenda kula, mama akabaki.

"Lile la kwanza liko wapi?"

"Lipi, mama?"

"Uliloandika asubuhi. Marehemu."

"Nimelifuta."

"Humo ndani halipo?"

Nikamwambia mashine hii haina kumbukumbu ya kudumu, ukiizima inasahau kila kitu.

"Izime nione."

Nikaizima. Nikaiwasha, kioo kikaja cha buluu, kitupu, na kile kidoa kinachowakawaka kikisubiri kuandikiwa. Alisogeza uso karibu, akatazama kona zote za kioo. Kisha akanitazama mimi.

"Izime tena."

Nikaizima tena. Alichomoa waya ukutani kwa mkono wake mwenyewe, akauzungusha vizuri, akanikabidhi.

"Haya, twende ukale," akasema.