Wilaya Iliyoliwa na Shangazi

Nyumbani kwetu mtu akija kuposa, Bibi haulizi ana mali gani. Huuliza jirani zake ni watu wa namna gani. Binti wa ami yangu alipoposwa na kijana wa mji wa Suhar, Shangazi alitiwa ndani ya gari akapelekwa huko kujifanya mnunuzi wa mbuzi. Akapita nyumba kwa nyumba mtaa mzima, akarudi na sifa zote za mposaji pamoja na mbuzi wa kweli, maana aliona haya kuondoka mikono mitupu baada ya kunywa kahawa ya watu. Posa ikakubaliwa. Mbuzi akala pazia la sebuleni.

Zamu ilipofika ya dada yangu, tatizo likawa kwamba mposaji anaishi Kanada.

Tena si Toronto, ambako kila mtu hapa Maskati ana binamu. Yeye yuko mashambani huko Ontario, kando ya ziwa kubwa kama bahari, sehemu wanayoiita kaunti. Bibi alisema basi hiyo ni wilaya tu, kama Qurayyat. Kazi yake ni daktari wa ng'ombe. Ukoo wake tunaujua, watu wa Tabora waliokuja Oman kama sisi tulivyokuja kutoka Unguja. Shangazi alisema mtu wa bara ni mtu wa bara, lakini akakiri kwamba mama yake ana adabu na biriani yake haina kasoro. Zilibaki habari za jirani. Bibi akatamka, huku anachagua mchele, kwamba asipowajua jirani hatoi mtoto, na kwamba Ijumaa baada ya alasiri atasikiliza, kisha watu wa kijana wapewe jibu.

Dada alinifuata chumbani akafunga mlango.

"Mie huyu nnamtaka," alisema. "Na wewe ndiye utakayezungumza na Bibi."

Alinichagua kwa sababu habari za huko zimeandikwa Kiingereza, na changu ndicho kilichokuwa kizuri kuliko cha wote mle ndani. Lakini kusoma ni kitu kimoja na kusema ni kingine. Mimi simu ikilia hukimbilia chooni. Mwalimu wangu wa jiografia alikaa karibu muhula mzima akidhani sauti yangu ni ya msichana anayekaa nyuma yangu. Nilimwambia Dada nitakufa. Akasema nife Jumamosi.

Upelelezi wangu haukuhitaji mbuzi. Mposaji mwenyewe, kupitia kwa mamake mdogo, alituletea ramani na kitabu kinene. Kitabu kile kiliandikwa na wanawake wa wilaya ile wenyewe, wake za wakulima, kila kijiji kimekusanya habari zake: nani alifika kwanza, nani alimuoa nani, ghala ya nani iliungua, na katikati ya hayo, bila ya kuomba radhi, jinsi ya kupika keki ya tufaha. Nilikisoma wiki nzima hata Mama akawa anagonga mlango kuuliza nnacheka na nani. Nikajikuta naijua njia ya kutoka kanisa la Waskoti mpaka kiwanda cha jibini kuliko nnavyoijua njia ya kwenda soko la Matrah.

Dada alinipa sharti moja. "Theluji usiitaje. Bibi tukiwasha kiyoyozi tu anajifunika blanketi."

Nikaapa.

Ijumaa ikafika. Bibi alikaa juu ya zulia, Mama kushoto kwake, Shangazi kulia kwake, karibu na tende. Dada alibaki jikoni, akijitia kuchemsha kahawa ambayo ilikwisha chemka. Nikakunjua ramani. Bibi akasema haoni kitu, maandishi yenyewe kama sisimizi. Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nilimwona Shangazi ananionea huruma, na huruma ya Shangazi ni kitu kibaya sana.

Basi kwa kukosa la kufanya nikalivuta sinia la kahawa. Nikaweka sahani ya buluu upande mmoja, nikaweza kusema, "Ziwa." Kopo la sukari nikaliweka ukingoni mwake: huu mji wao mkubwa, uko juu ya jabali, una mahakama katikati na maduka yameizunguka. Vijiti vya meno vikawa barabara, zote zimenyooka, maana wilaya ile ilipimwa kwa kamba kabla watu hawajafika. Kila baina ya vijiti nikatia tende, hayo mashamba. Na tende moja nene, nzuri kuliko zote, nikaiweka ubavuni mwa kopo la sukari. "Hii nyumba ya daktari."

Sauti yangu ilikuwa inatoka, na mimi mwenyewe naisikiliza kama ya mtu wa redioni. Nikakitia kichupa cha chumvi chini ya sahani: chini ya ziwa kuna mgodi wa chumvi, watu wanaingia kuchimba na maji yako juu yao.

"Chumvi chini ya maji matamu," alisema Shangazi, akachukua shamba moja akalila. "Wamerahisishiwa mapishi hao."

Bibi alitaka kujua wenyewe wametoka wapi. Nikamweleza: Uskoti na Ayalandi, wengi wao watu waliofukuzwa kwenye ardhi au waliokimbia njaa, wakauziwa msitu na kampuni, wakaukata mti kwa mti.

"Na kabla yao?"

"Waanishinaabe, Bibi. Wavuvi na wawindaji. Msitu ulikuwa wao."

"Sasa wako wapi?"

"Wapo bado. Lakini wamebakishiwa vipande vidogo tu."

Bibi, aliyeondoka Unguja na sanduku moja na funguo za nyumba, alikizungusha kikombe chake mkononi. Kisha akaniambia niendelee.

Nikaendelea, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilikwisha kulewa maneno yangu mwenyewe. Nilieleza jinsi mtu akitaka ghala, jirani wote wanakuja, wanaume wanainua mbao na wanawake wanapika. Bibi akauliza walipika nini, nikamwambia nyama, viazi na mikate ya tufaha, wakala mezani, uani. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesamehe zile meza. Mama akacheka. Shangazi akala kijiji kizima cha mashariki. Nikarukia reli: jinsi treni ilivyoingia kwa honi, jinsi siku moja ilivyokwama na abiria wakalazwa kwenye nyumba za wakulima na kulishwa mpaka theluji ilipo...

Neno likaniponyoka.

Dada alikuwa mlangoni na birika. Sijawahi kuona mtu akinitazama vile akiwa amebeba kitu cha moto.

"Theluji kiasi gani?" aliuliza Bibi.

Nilishindwa kumdanganya. Nikasema nyingi, Bibi, miezi kadhaa, barabara zinafungwa, na zamani mtu alifunga kamba kutoka nyumbani mpaka zizini asipotee njiani. Kikombe cha Mama kikagota sinia. Nilitamani chooni.

"Barabara ikifungwa na mume yuko kwa ng'ombe wa watu," alisema Bibi, "huyu mwanamke anakaa na nani?"

"Kitabu kinasema jirani huja na trekta kumtazama."

"Kitabu hicho walikiandika wanawake wenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

Akafikiri. "Ingekuwa trekta haikuja, hilo ndilo wangeliandika mwanzo. Na jina la jirani wangelitaja."

Alinyoosha kikombe atiliwe kahawa, na Dada akamtilia, macho yako kwa Bibi badala ya kikombe, hadi kahawa ikamwagika ziwani. Hatukujua kama tumepata au tumekosa. Nilitazama wilaya yangu: mashamba yote yameisha, zimebaki kokwa tu, na Shangazi anapeleka mkono pole pole kwenye ile tende nene ubavuni mwa kopo la sukari.

Bibi akampiga kofi mkononi.

"Hiyo wacha. Ndipo atakapokaa mtoto."

Mkono wa Shangazi ulibaki hewani. Mama ndiye aliyefahamu wa kwanza, akapiga kigelegele mpaka jirani zetu wakagonga ukuta, kisha nao wakaitikia vigelegele bila ya kujua ni vya nini. Dada alikaa chini pale pale, birika mapajani, anacheka na machozi yanamtoka. Na mimi, niliyesema maneno mengi siku ile kuliko mwaka mzima, nikakimbilia chooni nikajifungia, nikacheka peke yangu, mdomo nimeuziba kwa taulo.

Ile tende hakuna aliyethubutu kuila. Ilikaa kwenye sinia hadi asubuhi, sisimizi wakajipanga kutoka dirishani wakaihamia. Shangazi alisimama akawatazama kwa muda, kisha akamwita Dada aje kuwaona jirani zake Waskoti.