Makapi ya mawese ya mama

Leo nimemwaibisha mama mbele ya majirani, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nawafundisha jikoni kwetu namna ya kupunguza makaa na taka.
Nikaona mbabula yetu, jiko la makaa, imejaa makaa mpaka juu.

"Mama, makaa yote haya ya nini?"

Mama Zena, jirani yetu, akacheka: "Mwalimu, anzia kwenu."

Mama akainama, akajibu polepole: "Makapi ya kukamua mawese niliyoanika ili nichanganye na makaa yatumike machache, wewe uliyatupa jana, mwanangu. Ulisema ni uchafu."



Nimetoka kuyafukua kwenye shimo la taka. Yameloa. Nimeyaanika upya, na mama amekuja kuyageuza pamoja nami.

Nianzeje kumwomba msamaha? Niambieni, bado tumeinama hapa.