Waya ya Radio ya Baba

Nikisikia harufu ya shaba iliyokwanguliwa kwa kisu, ninarudi kwenye kiwanja chetu cha Lubumbashi, wakati jimbo letu la Katanga lilipojitenga na serikali ya Léopoldville. Wengine wanakumbuka safari. Mimi, muntu wa nyumbani, nakumbuka waya.

Waya hiyo ilikuwa antena ya radio ya baba, ndefu, kutoka kwenye paa hadi mupapai ulio mwisho wa kiwanja. Kwa urefu huo tulipata radio ya Léopoldville, ambako walikuwa wakisoma majina ya watu waliofika Kasai. Sisi ni Bakasai, watu wa huko. Bibi yangu, mama ya baba, alikuwa amepanda treni pamoja na Bakasai waliofukuzwa Katanga, na hatukujua kama alifika.

Jioni moja jirani yetu baba Mwansa, mwenyeji wa Katanga, ambaye ukuta mmoja tu ulitutenga naye, alisimama akiitazama waya.

“Baba Kasongo, waya yenu iko murefu. Bantu banasema unaongeaka na Léo.”

“Inasikilizaka tu, ndugu. Haina kinywa.”

“Mimi najua. Basoda benye bunduki banajua?”

Baba akaikata. Radio ikabaki na sauti ya mujini peke yake, ile ya wakubwa wa Katanga, naye akaifungulia kwa nguvu ili barabara nzima isikie. Siku zile antena nzuri ilikuwa ile inayofikia hotuba bila kufikia majibu.

Kisha baba Mwansa akahamisha radio yake mpaka kwenye ukuta wetu. Nilisikia mnong’ono wake huko nyuma, nikaamua anatupeleleza. Nikawa polisi wa nyumba: mama akicheka, ninamunyamazisha, kaka akiita, ninamukanyaga mguu.

Baba naye akaanza kuumwa kichwa kila jioni. Alikiegemeza kwenye ukuta uleule, akisema una baridi. Nilimuletea kitambaa chenye maji.

“Docteur wangu,” alisema, “dawa yako iko muzuri. Sasa nyamaza.”

Jioni moja aliinuka, macho yamejaa machozi. “Mama amefika,” akamwambia mama yangu. Kichwa hakikuuma tena. Mimi nikakisifu kitambaa.

Kesho yake mama alinituma kwa baba Mwansa na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo yenye samaki. Nilienda nimevimba mashavu: yaani tunamulisha mupelelezi?

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba baba Mwansa hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anatusikilizisha majina ya Léo kupitia ukuta ule. Waya yake ilipita paa, ikapita choo, ikafika kwa jirani wa pili. Ilikuwa ndefu kuliko yetu, na hakuna muntu aliyewahi kuipima.