Kinyozi na Bahasha ya Majibu

Kinyozi yule alikuwa na mdomo, jamani! Wateja walimwita Redio. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla mashine haijafika kisogoni umeshajua nani kaachwa, nani kahama, na mama mkwe wake kasema nini. Roho nzuri anayo, lakini siri haikai.

Basi mke wake akashika mimba ya pili. Binti yao wa kwanza, wa miaka saba, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoleta maumivu ya mifupa hadi mtoto hashikiki. Daktari akasema huyu wa tumboni anaweza kupimwa mapema: wanachota kwa sindano maji kidogo ya mfuko wa uzazi, na baada ya wiki mbili majibu yanatoka. Kinyozi alitaka sana kujua. Mke, mwalimu wa hesabu asiyebembelezeka, alikubali shingo upande.

“Nitamzaa vyovyote atakavyokuwa,” alisema. “Kwa hiyo ujue wewe. Mimi usiniambie, hata nikikupigia magoti.”

Bahasha ya majibu ikatoka. Mtoto hana ugonjwa. Kinyozi aliisoma karatasi mara tatu, akajifungia chooni pale hospitali akalia, akanawa uso. Halafu akaanza kuuogopa mdomo wake. Alijijua: akisema tu “umeamkaje”, na lile lingine lingetoka. Akaona dawa ni kunyamaza kabisa. Nyumbani akawa anajibu kwa kichwa. Akitaka chumvi, ananyoosha mkono. Kazini mteja mmoja alimpa pole, akidhani amefiwa.

Siku ya nne mke alimkuta akipiga pasi sare ya binti yao. Macho ya mke yalikuwa yamevimba.

“Mume wangu, acha kujitesa. Anao, sivyo? Nimeshalia, nimemaliza. Tutamlea kama tunavyomlea dada yake.”

Loo! Kinyozi akaiweka pasi kando.

“Hana! Hana, mke wangu! Ni mzima kabisa! Nimekaa kimya kwa sababu ulinikataza!”

“Mwehu wewe! Siku nne!” Mke akamchapa begani, kisha akamkumbatia, wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja.

Binti yao alikuwa amesimama mlangoni.

“Kwa hiyo nitaumwa peke yangu?”

Kicheko kikakatika. Mama alikaa chini na tumbo lake, akamvuta mapajani. Baba akachuchumaa mbele yao.

“Kuumwa, ndiyo, mama, utaumwa wewe,” alisema taratibu. “Sitakudanganya. Lakini miguu ikiuma, wa kukukanda tulikuwa wawili. Sasa tutakuwa watatu.”

Mtoto alilitazama tumbo la mama yake, akaliwekea kiganja.

“Basi azaliwe haraka,” akasema.