Mbwa wa Chumba cha Chini

Volkano ilipopita mtaani kwetu Murara haikuibomoa nyumba yangu yote. Mawe ya moto yaliizunguka, yakapanda hadi madirishani, kisha yakapoa. Nilijenga nyumba ya mbao juu ya mawe kama majirani, lakini chumba kimoja cha zamani kilibaki wazi huko chini. Nilikichimbulia mlango na ngazi, tukaweka humo makaa na maharagwe. Nilikiringia sana. Kila mgeni nilimshusha akakione.

Miaka ikapita, vita vikarudi. Waasi walipokaribia mji na mabomu yakaanza kuanguka, nilimshusha mke wangu pamoja na wajukuu wetu wawili katika chumba kile. Godoro nililitandika juu ya magunia ya maharagwe. Mbwa wa watoto, mdogo, mwenye rangi ya majivu, alishuka nao, akalala sakafuni. Mimi nililala juu kabisa, mlangoni, nikijiona askari.

Mke wangu alilalamika tangu mwanzo.

“Papa, humu kichwa kinaniuma. Na mushumaa unazimika kila nikiuweka chini.”

“Ni upepo,” nilimjibu.

Humo hamkuwa na upepo hata wa kutikisa utando wa buibui. Nilijibu hivyo ili anyamaze.

Asubuhi ya Jumapili milio ya bunduki ilitulia kidogo. Mke wangu akaniita kutoka chini: mbwa haamki. Nilimpandisha uani. Ulimi ulikuwa umegeuka zambarau, na miguu ilining'inia kama kitambaa. Papo hapo nikasema ni sumu. Jirani alikuwa ameshatuonya kwamba mbwa huyu kwa kubweka kwake atatuletea wanajeshi, basi nikamrushia matusi juu ya ukuta. Kisha nikafanya kila tulichozoea kufanya kwa aliyekula sumu. Nilikoroga maziwa ya unga, nikamfungua mbwa mdomo, nikamwaga yote kooni.

Mjukuu wangu mkubwa, msichana, hakulia. Aliniuliza tu, “Babu, utamuacha?”

Nilijua kuna daktari wa wanyama kule Himbi, aliyetibu mbwa wa wenye nyumba kubwa kando ya ziwa. Nilimlaza mbwa kwenye chukudu yangu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, nikamfunga kwa kitambaa. Kabla ya kuondoka nilimwambia mke wangu arudi chini na watoto, afunge mlango kwa ndani, asimfungulie mtu.

“Tungekaa jikoni,” akasema.

“Ukitoka humo na bomu likiwapata watoto, ni wewe utakuwa umewaua.”

Ndivyo nilivyosema, mbele yao. Akashuka.

Njia ilikuwa tupu, maduka yote yamefungwa. Kwenye bariera, kamba iliyokingama njia, wanajeshi walinisimamisha, wakafunua kitambaa.

“Muzee, huyu njo malade, mugonjwa wako?”

“Ndiyo.”

“Na bibi yako uko wapi?”

“Nyumbani.”

“Mumesikia? Mbwa anaenda hospitali, bibi anabaki na mabomu!”

Wakacheka, mmoja akampigia mbwa saluti. Nilicheka nao kwa woga, nikasukuma mbele. Nilipofika karibu na ziwa, mbwa alivuta pumzi kwa nguvu, kisha akavuta tena. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya maziwa.

Mlinzi wa lango alinizuia. “Dokta hatumiki kazi leo, papa. Urudi kesho lundi, kama lundi itakuwako.”

Nilipiga lango kwa ngumi mpaka daktari mwenyewe akatoka, amevaa singlendi. Alimlaza mbwa juu ya meza ya barazani, akamnusa mdomo, akamfunua macho.

“Alitapika? Alitoka povu?”

“Hapana. Alikuwa kama amekufa. Ameanza kupumua njiani.”

“Njiani ulimupa dawa gani?”

“Hakuna dawa.”

“Sumu haiponi kwa kusukumwa barabarani. Alilala wapi?”

Nilimweleza juu ya chumba changu, na hata wakati ule nilieleza kwa majivuno: ukuta wa mawe, bomu haliwezi kuingia. Akaacha kumshika mbwa.

“Na nani mwingine iko ndani?”

“Mke wangu na wajukuu.”

“Papa, hiyo ni mazuku. Ni hewa inatoka katika mawe ya volkano. Haina harufu. Inajaa kutoka chini, kama maji katika beseni. Imefikia mbwa kwanza kwa sababu yeye njo alikuwa chini. Kimbia!”

Mtandao wa simu ulikuwa umekatwa. Nilimwacha mbwa, nikaacha na chukudu, nikakimbia na magoti yangu haya. Mbele yangu niliona beseni tu: maji yanafika kwenye magunia, yanafika kwenye godoro.

“Muzee, malade amekufa?” wakapiga kelele kwenye bariera. Sikusimama. Nikasikia bunduki ikikokiwa, nikainua mikono.

“Wajukuu wangu,” nikasema. “Wajukuu wangu wako kwenye mazuku.”

Yule aliyepiga saluti alinitazama usoni, akainua kamba nipite.

Mlango wa chini ulikuwa umefungwa. Niligonga, nikaita, kukawa kimya. Sikujaribu hata kuusukuma; nilichukua jiwe nikavunja mbao, nikabana pumzi, nikashuka gizani nikipapasa. Nilishika gunia, kisha godoro, kisha shuka. Shuka ilikuwa baridi na haikuwa na mtu.

Juu yangu nikasikia mtoto akikohoa.

Walikuwa jikoni, watoto chini ya meza, maharagwe motoni. Mke wangu alikuwa ameurudisha tu mlango wa chini ili nikipita nidhani ametii. Alisimama mbele ya watoto kana kwamba nimekuja kumpiga.

“Mushumaa ulizimika tena,” alisema. “Nikawasha kiberiti, nacho kikazimika. Mahali moto unakataa kukaa, watoto wangu wakae wafanye nini?”

Nilikaa sakafuni, nikashika miguu ya wajukuu, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa ya moto.

Mbwa nilimrudia bunduki zilipotulia. Alikuwa amesimama, akatikisa mkia, lakini alikohoa kohozi la mapovu. Daktari aliniuliza nilimnywesha nini akiwa hana fahamu. Nilipomwambia, aliinamisha kichwa. Maziwa yalikuwa yameingia mapafuni. Mbwa alikufa kwetu, juani, kabla ya wiki kwisha.

Jirani nilimwomba radhi. Chumba nilikijaza mawe. Lakini msichana aliponiuliza mbwa wake ameuawa na nini, nilimwambia ni vita. Mke wangu alikuwa akichambua maharagwe. Aliinua macho, akanitazama, akaendelea kuchambua.