Kompyuta Iliyoamka Tukiwa Kanisani

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliachia darasa la sita, nikasukuma mkokoteni wa ndizi pale sokoni Gakoromone, na leo nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi na nyumba ya ghorofa hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu. Kwa hiyo fundi wa kompyuta aliponiambia kuna mashine inalala, inaamka yenyewe saa uliyoipangia, inarekodi kipindi cha televisheni halafu inalala tena, nilimwambia neno moja: "Lete."

Nilikuwa na sababu. Mwaka jana kwaya ya mama yangu ilienda Nairobi kurekodiwa, yeye akiongoza. Baadaye akaugua kifua, daktari akamkataza kuimba. Sasa kipindi kilikuwa kinatoka Jumapili saa nne asubuhi, mara moja tu, na hakiwekwi mtandaoni ukakitazame kwa simu. Sauti yake tusingeipata mahali pengine.

"Mama, siku hiyo baki nyumbani ujione," nilimwambia.

"Nikose kanisa nikajitazame? Baba, wewe umeshiba sana." Ananiita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake. "Na hakuna mtu wa nyumba hii atabaki."

Mashine ikawekwa chini ya televisheni, mke wangu akaifunika kitambaa chake cha kufuma. Alhamisi nikaipanga iamke irekodi taarifa ya saa moja jioni, nione kama fundi ananidanganya. Saa moja ikafika, ikapita. Kimya.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "hiyo yako haijalala. Imekufa."

Ijumaa fundi akaja kuifungua. "Bosi, hii inafikiri tuko mwaka mwingine kabisa. Nani huizima ukutani?"

Nilijua nani. Tangu jiko la jirani yake kule Kangeta liungue kwa sababu ya waya, mama huzunguka kila jioni, na tena kabla ya kanisa, akizima kila swichi ya ukuta. Na ndani ya kompyuta kulikuwa na betri ndogo, mviringo kama sarafu, iliyokwisha. Stima ikikatwa, mashine inasahau hata tarehe.

Fundi akaweka betri mpya, akaipanga iamke Jumapili saa nne. "Sasa hata ikizimwa itakumbuka siku. Lakini saa nne ikifika, lazima ikute stima imerudi."

Jumapili mama akazunguka. Ta! Ta! Ta! Hakuacha hata moja. Tulipokuwa ndani ya gari sote, nikasema, "Ngoja, nimesahau Biblia."

"Si hiyo umeshika?" mke wangu akauliza.

"Ile ingine."

Nikakimbia, nikawasha swichi ya kompyuta, nikarudi na Biblia mbili kama askofu.

Kanisani saa nne ilinikuta nimeketi kwenye ukingo wa benchi. Mhubiri alikuwa anaongea juu ya subira, na mimi sina. Nilipiga Amina mahali ambapo hapakuwa na Amina, watu wakageuka.

Tulipofika nyumbani sikungoja hata chai. Nikawasha televisheni, nikatafuta, na lo! Ipo! Kipindi chote, kutoka mwanzo mpaka mwisho! Mama alikuwa mlangoni bado, mkoba mkononi, aliposikia sauti yake. Akaja polepole mpaka mbele ya kioo cha televisheni. Mle ndani yeye wa mwaka jana, wa joho la zambarau, alikuwa anaupandisha wimbo bila kukohoa hata mara moja, na mama yangu akawa anafuata maneno kwa midomo tu. Mimi ambaye sishangazwi, nilitoka nje kuangalia magurudumu ya gari.

Niliporudi alikuwa amenikazia macho. "Nani alikosa kanisa?"

"Hakuna, mama. Iliamka yenyewe, ikarekodi, ikalala."

"Nilizima."

"Nilirudi nikawasha."

Akafikiri kidogo. "Kumbe ile Biblia!" Akacheka mpaka kifua kikamshika, mke wangu akamletea maji. Alipopata pumzi akasema, "Jumapili ijayo utatoa sadaka ya huo uongo. Mia mbili. Sasa rudisha mwanzo, niskie tena."

Jioni hiyo alizima swichi zote, ile moja akaipita.

Kompyuta elfu kumi na nane, kifaa cha kushika mawimbi ya televisheni elfu nne na mia mbili, betri mia moja hamsini, uongo mia mbili. Jumla, shilingi elfu ishirini na mbili, mia tano na hamsini.